Nusu ya Waraka Isiyosomwa: Chanjo ya Homa ya Ini A na Sisi wa Mlimani



Mtu anayetoka Uingereza kuja kupanda Mlima Kilimanjaro hushauriwa na daktari wake, hata kabla hajanunua viatu vya kupandia, achanjwe dhidi ya homa ya ini A. Huko kwao chanjo hiyo ni mojawapo ya chanjo chache za safari ambazo huduma ya afya ya taifa huzitoa bure. Mmarekani naye hupewa ushauri huo huo, yeye na mtoto wake wa mwaka mmoja. Anayembebea mgeni huyo mzigo wa hadi kilo 20 kutoka lango la Machame mpaka kambi ya Barafu hakuulizwa chochote na yeyote. Chanjo hiyo haimo katika ratiba ya taifa ya chanjo, na anayeitaka hapa kwetu huitoa mfukoni mwake.

Sisi tunaosoma falsafa chini ya mlima huu tunaipitia habari hiyo kila siku, kwa kuwa magari ya wapanda mlima hupita barabara zile zile tunazopita. Hata hivyo, chanjo hii inapotajwa kati ya Wakatoliki wanaosoma kidogo, swali la kwanza si la yule mpagazi. Ni la seli. Kwa hiyo tumeona tuandike, maana swali la seli lina jibu tayari, na swali la mpagazi bado.

Kwanza tuuelewe ugonjwa, kwa sababu majina yanawachanganya hata watu waliokwenda shule. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu, na kadi yake ndiyo inayoulizwa uwanja wa ndege na mipakani. Homa ya ini nayo ina aina zake. B na C hupita kwa damu, B pia kwa kujamiiana na kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Zinaweza kukaa mwilini miaka mingi na kuishia katika saratani ya ini. Dhidi ya B watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya ile sindano moja yenye kinga tano. Homa ya ini A ni kitu kingine. Kirusi chake hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji, kwa chakula au kwa mikono isiyonawiwa. Tuliseme hivyo bila kuona haya, kwa kuwa aibu ya kulitaja ni sehemu ya sababu kinaenea.

Kirusi hiki hakidumu mwilini. Mtu akishapona, hakimrudii maisha yake yote. Jambo la ajabu liko kwenye umri. Mtoto wa chini ya miaka sita mara nyingi huupata ugonjwa na kuupona bila mama yake kujua kwamba aliugua. Mtu mzima ndiye anayeteseka: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, chakula hakipiti, nguvu zinaisha kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Wachache ini linashindwa kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu wapatao 7,000 walikufa kwa ugonjwa huu duniani. Dawa ya kukiua kirusi haipo. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji, huangaliwa. Na hapa tuongeze neno moja kwa wale wanaokimbilia mchanganyiko wa mizizi na vidonge vya kununua dukani: ini lililovimba halihitaji kazi ya ziada.

Sasa hizo seli. Chanjo zilizozoeleka zaidi, Havrix na Vaqta, hutengenezwa kwa kukuza kirusi ndani ya ukoo wa seli uitwao MRC-5, kisha kirusi husafishwa na kuuawa. Seli hizo asili yake ni mapafu ya kijusi kilichotolewa mimba nchini Uingereza mwaka 1966. Hilo ni kweli, wala si uzushi wa mitandaoni, na Mkatoliki anayelisikia kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Tungemshangaa asiyeshtuka. Lakini Kanisa halikulala. Mwaka 2005 Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilitoa tafakari kuhusu jambo hili hasa, na chanjo ya homa ya ini A ilitajwa humo. Mwaka 2008 hati ya Dignitas Personae ililirudia. Tarehe 21 Desemba 2020, wakati wa UVIKO-19, Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, kama ilivyoitwa wakati huo, ilitoa waraka mfupi unaokusanya hoja zile zile.

Hoja yenyewe ni ya kimapokeo, na wanafunzi wa maadili wanaifahamu. Kushiriki uovu kuna ngazi. Anayetaka uovu na kuutenda yuko mbali sana na mzazi wa Rombo ambaye, zaidi ya nusu karne baadaye, anamchanja mtoto wake bila kuutaka ule uovu na bila kuuongeza. Pasipo chanjo nyingine isiyo na doa, na palipo na hatari ya kweli kwa afya, anaweza kuitumia kwa dhamiri safi. Abaki na wajibu wa kusema kwamba hakubaliani na asili yake na kudai ipatikane nyingine. Kudai huko si ndoto: Japani imekuwa na chanjo ya homa ya ini A iliyokuzwa katika seli za figo za nyani tangu miaka ya 1990. Inawezekana basi, watengenezaji wakitaka.

Tukifika hapo mjadala wa seli umekwisha, au ulipaswa kuwa umekwisha. Tunaelewa kwa nini hauishi. Eneo hili la dunia lina kumbukumbu zake. Mwaka 2014 maaskofu wa Kenya walihoji hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda, na maneno ya wakati ule bado yanatembea vijijini hadi upande huu wa mpaka. Lakini waraka wa 2020 una nusu ya pili, na hiyo hatujasikia ikihubiriwa mara nyingi. Unasema mambo mawili. La kwanza, kuchanjwa kuwe kwa hiari, ila anayekataa kwa ajili ya dhamiri ana wajibu wa kufanya kila awezalo kwa njia nyingine asiwe chombo cha kuwaambukiza wengine, hasa walio dhaifu. La pili, watengenezaji wa dawa, serikali na mashirika ya kimataifa wana wajibu wa kimaadili kuhakikisha chanjo salama zinayafikia mataifa maskini kabisa bila kuyatwisha gharama. Uliandikwa kwa ajili ya UVIKO-19, lakini mantiki yake haijali jina la kirusi.

Je, basi, ni dhuluma kwamba mgeni anachanjwa na mpagazi hachanjwi? Hapa tunaomba msomaji asiharakishe kukasirika pamoja nasi, kwa sababu jibu la haraka si sahihi.

Aristotle anafundisha kwamba haki si kuwapa wote sawa, bali kumpa kila mmoja kwa uwiano wa hali yake, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaijenga hoja yake juu ya msingi huo. Mgeni aliyekulia kwenye bomba safi hana kinga. Mpagazi aliyekulia Uru au Kibosho, kwa uwezekano mkubwa, anayo: katika nchi ambazo kirusi kimeenea sana, karibu watoto wote hukutana nacho kabla ya miaka kumi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi halikushauri nchi za namna hiyo kuwachanja watoto wote kwa wingi. Kumchanja mwenye kinga ni kutia maji kwenye mtungi uliojaa. Kwa hesabu ya daktari, tofauti kati ya wale wawili ni sahihi.

Dhuluma haiko kwenye sindano. Iko kwenye namna kila mmoja alivyoipata kinga yake. Mmoja aliipata kliniki, kwa dakika tano. Mwingine aliipata kwa kula kinyesi cha jirani akiwa na miaka mitatu, pamoja na vyote vinavyosafiri kwa njia hiyo: homa ya matumbo, minyoo, virusi vya kuhara, na katika miaka mibaya kipindupindu. Alibahatika kupona. Wale ambao hawakupona hawapo leo kutuambia, kama wengi wetu tunavyopenda kusema, kwamba “mbona sisi tulikunywa maji ya mfongo na tukakua”.

Historia ya ugonjwa huu ina mfano unaopaswa kutukosesha usingizi. Kuanzia mwaka 1956, katika taasisi ya Willowbrook, New York, kundi la Dk. Saul Krugman liliwaambukiza makusudi homa ya ini watoto wenye ulemavu wa akili, ili kuuchunguza ugonjwa. Sehemu ya tunachojua leo, kwamba aina ni zaidi ya moja, ilipatikana kwa njia hiyo. Mwaka 1966 Henry Beecher alipoandika kuhusu majaribio yasiyo ya kimaadili, hilo lilikuwamo. Utetezi wa madaktari ulikuwa huu: taasisi ni chafu, watoto hawa wangeambukizwa tu. Katika darasa la maadili hoja hiyo inaanguka mara moja, kwa sababu anayesema “wangeambukizwa tu” amekwisha kuukubali uchafu kama hali ya asili, kama mvua, wakati ulikuwa kazi ya watu. Tunapoambiwa kwamba watoto wa mlimani hawahitaji chanjo kwa kuwa huambukizwa wakiwa wadogo, anayesema hana nia ya Willowbrook, na takwimu zake huenda ni sahihi. Lakini sentensi ni ile ile, na Mkristo hawezi kuimaliza kwa nukta.

Tena sentensi hiyo inaanza kuzeeka. Mji wa Moshi kwa miaka mingi umejivunia maji yake ya chemchemi za Nsere na Shiri. Miteremkoni mabomba ya miradi ya vijiji yamekwenda mbali, na mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachagga, siku hizi katika sehemu nyingi ni wa migomba na mboga kuliko wa mtungi. Wazee husimulia kwamba maji ya kunywa yalichotwa alfajiri, kabla mifugo haijaamka na kabla ya mtu kufua huko juu. Walijua jambo ingawa hawakuwa na darubini. Haya yote ni mema. Lakini kila mtoto anayeepuka kirusi akiwa na miaka mitatu anakuwa kijana asiye na kinga, na akikutana nacho akiwa na miaka 25 hatakipita kimya kimya. Shanghai iliyajua haya mwaka 1988, watu wapatao 300,000, wengi wao watu wazima vijana, walipougua kwa muda mfupi baada ya kula kombe wa baharini wasioiva vizuri. Maji yanapotakata nusu, ugonjwa hupungua kwa watoto na kuwa mkali kwa wakubwa.

Na sisi tuna Desemba yetu. Kila mwaka Wachagga hurudi nyumbani, kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na mbali zaidi. Barabara ya kutoka Segera hujaa magari. Ndani ya magari hayo kuna watoto waliokulia katika nyumba za maji ya chupa, mengine yenye jina la mlima wenyewe. Wanafika kihamba cha babu. Mbuzi anachinjwa, kachumbari inakatwa kwa bakuli kubwa, mbege inazunguka kwa wakubwa katika kata moja, choo kimoja kinahudumia ukoo mzima, na ndoo ya kunawia, kama ipo, sabuni yake imekwisha tangu saa nne asubuhi. Kirusi hukaa mwilini wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla ya dalili. Mtoto ataugua mwishoni mwa Januari akiwa shuleni jijini, na hakuna atakayeikumbuka kachumbari ya Krismasi. Kwa kirusi, mtoto huyu ni mgeni kama yule wa Uingereza. Tofauti ni kwamba daktari wake hakumwambia kitu, kwa kuwa katika fikra zetu mtu hasafiri anapokwenda kwao.

Tukirudi kwa wapagazi, wagumu kama tunavyowaita. Kambi ya Barafu haina maji. Maji ya kupikia na ya kunywa hubebwa kutoka bonde la Karanga na vijana hao hao, kisha huchemshwa au kutiwa dawa kwa ajili ya wageni. Hatutaki kusema kwamba kila kampuni huwaacha wafanyakazi wake wanywe mabichi, zipo zinazojali. Tunasema kwamba mpishi wa kambini, asiye na kinga na asiye na mahali pa kunawa, akiambukizwa, hutoa kirusi siku kadhaa kabla macho yake hayajawa ya manjano. Wageni wake wamelindwa na sindano zao. Wenzake wa hema la jikoni wamelindwa na nini? Kama ni na utoto wao, basi vijana wa leo waliokulia mjini hawana hata huo.

Tunaomba nini, basi? Hatuombi kila mtoto wa Kilimanjaro achanjwe kesho. Ingekuwa rahisi kuandika hivyo na kupigiwa makofi, lakini fedha za afya ni chache, na choo chenye mlango, maji na sabuni huzuia magonjwa sita wakati chanjo hii huzuia moja. Tunaomba kwanza watu wapimwe. Kipimo cha damu huonyesha kama mtu ana kingamwili za homa ya ini A. Mkoa huu una KCMC yenye wataalamu wa utafiti, na Jimbo la Moshi lina hospitali zake Kibosho, Kilema na Huruma. Wakipimwa vijana wa miaka 15 wa mjini na wa miteremkoni, tutajua kama ile sentensi ya “huambukizwa wakiwa wadogo” bado ni kweli kwetu. Mkoa huu si mgeni wa kutangulia: chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kujaribiwa hapa Kilimanjaro mwaka 2014, miaka minne kabla ya kuenea nchi nzima.

Ikionekana kwamba vijana wengi hawana kinga, hapo sauti ya maaskofu wetu na ya wizara iende kwa watengenezaji na kwa mashirika ya kimataifa, ikiwa na waraka wa 2020 mkononi, wasome ule upande wa pili. Mfano upo. Argentina ilipoona ini za watoto wake zikishindwa kwa ugonjwa huu hadi kuhitaji kupandikizwa nyingine, mwaka 2005 ilianza kumpa kila mtoto wa mwaka mmoja dozi moja tu, si mbili, ili gharama ibebeke. Katika miaka michache upandikizaji wa ini kwa sababu hiyo ulikoma. Haikuwa nchi tajiri wakati ule. Ilikuwa imetoka katika kuanguka kwa uchumi.

Kabla ya hapo yapo yasiyongoja wizara. Wenye homa ya ini B ya kudumu au ugonjwa mwingine wa ini wakipata A juu yake huwa hatarini zaidi. Hao waambiwe kliniki kwamba chanjo ipo, na familia zikiweza ziwanunulie. Wapishi wa seminari, wa shule za bweni na wa mlimani tayari hutakiwa kupima afya. Kipimo cha kingamwili kiongezwe kwao, na asiye nazo achanjwe kwa gharama ya aliyemwajiri. Kwa safari ya mlimani gharama hiyo iingizwe katika bei anayolipa mgeni. Hatudhani kuna mgeni atakayeacha kupanda mita 5,895 kwa ajili ya bei ya sindano ya mpishi wake.

Na anayekataa chanjo kwa sababu ya seli, tunamheshimu, ila waraka umemwachia kazi: maji yachemshwe, kachumbari ioshwe kwa maji hayo, ndoo ya parokia isikose sabuni siku ya Kipaimara wala siku ya mavuno. Wazazi wa Dar es Salaam wanaofikiria kuwachanja watoto wao kwa ajili ya likizo, wasingoje wiki ya safari. Dozi ya kwanza hutolewa kuanzia mwaka mmoja na huhitaji wiki mbili hadi nne kujenga kinga. Ya pili hufuata baada ya miezi sita au zaidi. Mwisho wa Oktoba ni wakati mzuri wa kwenda kumuuliza daktari.